Makaburi Yasiyo na Mawe: Wafu wa Sanga na Tartibu ya Udongo



Anayetaka kuyazuru makaburi ya kale yenye mawe makubwa hana budi kusafiri mbali na hapa, hadi ukingoni mwa Ziwa Turkana huko Kenya, ambako wafugaji wa kwanza wa nchi ile, yapata miaka 5,000 iliyopita, walisimamisha nguzo za mawe penye maziara yao, na pale Lothagam Kaskazini peke yake wakazika watu wasiopungua 580, wakubwa kwa wadogo. Sisi wa bonde la Lualaba hatukurithi nguzo. Wafu wetu, waliokuja baadaye sana, katika zama za chuma, walilazwa chini ya ardhi tupu. Na kaburi lisilo na jiwe hupotea upesi, tena hupotea mara mbili.

Mto huu wa Lualaba, unaozuiwa na bwawa la Nzilo, huteremka kaskazini, ukapita Bukama, hata ukatandaa katika maziwa ya Upemba. Na kando ya Ziwa Kisale, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa Kolwezi tulipoketi, ndipo ilipo Sanga. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba huko, na mwaka uliofuata akaja Jean Hiernaux na wenzake. Walikuta maiti wamezungukwa na vyungu, shoka za chuma, vikuku vya pembe na mapambo ya shaba, hata kauri zilizotoka Bahari ya Hindi. Katika makaburi ya watoto vyungu navyo vilikuwa vidogo, ukubwa wake ukifuata umri wa marehemu: mfinyanzi alimjua aliyekuwa akimfinyangia.

Lakini wachimbaji hao wa mwanzo, pamoja na bidii yao yote, walipoona aina tatu za ufinyanzi katika maziara yale yale, walidhani kuwa wenye vyungu hivyo waliishi zama moja. Pierre de Maret, aliyerudi huko mwaka 1974 na 1975, alitazama kaburi lipi limekata kaburi lipi, akapima umri kwa kaboni, na ikadhihirika kuwa aina zile zilifuatana karne baada ya karne. Katika zama za Kisale, baina ya karne ya 8 na ya 13, shaba ilikuwa pambo. Zama zilizofuata ikaja misalaba ya shaba, kwanza mikubwa na michache, ikiwekwa kifuani mwa maiti, kisha midogo na mingi, karibu na nyonga au mikono, kama mtu awekavyo fedha zake. Pambo liligeuka sarafu, na habari hiyo haikuandikwa juu ya msalaba wowote. Iliandikwa katika tartibu ya udongo.

Hapa ndipo maneno yangu yanapoigusa Kolwezi. Mwanajiolojia Jules Cornet, alipoipima nchi hii mwaka 1892, alikuta mashimo ya wenyeji waliokwisha kuchimba shaba kabla yake. Na migodi mikubwa iliyofuata ilianza aghalabu palepale walipochimba wahenga, ikayameza mashimo yao. Kaburi hupotea kwanza kwa kusahauliwa, nalo hilo halina taksiri ya mtu. Hupotea mara ya pili pale koleo linapoligeuza tabaka la chini kuwa la juu, na hilo ni letu.

Basi ewe mchimbaji, mtaimbo wako ukigonga chungu, usikiinue kwanza. Chungu kile cha mtoto, mtu akikichukua akakiuza mjini, hubaki kijichungu tu. Kikitazamwa pale kilipolala, kando ya mifupa midogo, ndipo tunapojua kuwa hapa palikuwa na msiba.