Semina Nyingi, Kihamba Kile Kile

Mada kwa viongozi wa walei na wanajumuiya



Nimeombwa niseme juu ya vyama vyetu vya hiari: vifanyeje ili kazi yao izae matunda, na matunda hayo yawafikie wengi. Sitaanza na wafadhili. Nitaanza na mjane.

Katika Uchagga kihamba si shamba tu. Ni migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee, na kwa desturi hurithiwa na watoto wa kiume, hasa kifungua mimba na kitinda mimba. Mume akifariki, mkewe aweza kujikuta mgeni mahali alipopalilia kwa miaka 30. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane fungu la urithi endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Alitakiwa atunzwe na watoto wake. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Kati ya maneno hayo ya kitabuni na mlango wa mjane ndipo ilipo kazi ya chama cha hiari. Hapa Moshi shirika la KWIECO, lililoanzishwa mwaka 1987, limewapa wanawake ushauri wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 nayo iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, yaani watu wa kawaida waliofundishwa, wasio mawakili.

Je, kazi hiyo tuipime kwa nini? Ripoti zetu hueleza semina ngapi zimefanyika, washiriki wangapi, na chai. (Na chai sina ugomvi.) Hazisemi kama mjane bado analala kihambani. Inafaa tumrudie baada ya mwaka mmoja, na tena baada ya mitatu, tumwulize: Nani anachuma kahawa? Fedha inaingia mfuko wa nani? Yawezekana baraza limempa haki, lakini shemeji amefunga njia ya kwenda mfongoni. Katika daftari kesi hiyo imekwisha. Kwake yeye ndiyo kwanza inaanza. Tuwaulize pia wale walioshindwa, maana hao hawaalikwi kwenye semina kutoa ushuhuda.

Kuhusu kukua, wengi hudhani ni kujenga ofisi na kununua gari. Wazee wetu walikwenda kwa njia nyingine. Chama cha wakulima wa kahawa cha KNPA kilianza mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, chama kikuu kilichosimama juu ya vyama vya msingi vilivyokuwa karibu na mkulima. Chama cha msingi kilipokea kahawa. Chama kikuu kilifanya lile ambalo kijiji kimoja hakiwezi, yaani kutafuta soko. Pale wakulima walipoona wanalazimishwa, mwaka 1937, kulitokea ghasia. Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na KNCU ikafufuliwa mwaka 1984. Kwa maoni yangu, isingefufuka kama ingekuwa ofisi ya mjini tu.

Msaada wa kisheria nao waweza kukua hivyo hivyo: wasaidizi wawili katika kata, wanaojulikana na wazee wa ukoo, na ofisi ya Moshi ikibaki na kesi ngumu, mafunzo na kumbukumbu. Tuongeze kata moja baada ya nyingine, tena kata iombe yenyewe. Msaidizi aliyebebeshwa vijiji sita akikosa siku moja ya shauri, mjane aweza kupoteza kila kitu, na ingekuwa heri asingeahidiwa.

Wasaidizi hawa wengi hujitolea, bila mshahara. Mtu anashuka kutoka vijiji vya juu hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, shauri linaahirishwa, anapanda mlima, anarudi tena mwezi unaofuata. Ukumbi wa semina hupata mfadhili upesi. Nauli ya safari ya nne, baada ya shauri kuahirishwa mara tatu, sijaiona katika bajeti nyingi nilizopata kusoma. Hiyo ndiyo ningeziomba kamati zetu ziichangie kwanza, pamoja na gharama ya kunakili hati.