Tusikubali kuambiwa "Dawa Hakuna"

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wananchi waliokusanyika Kizota, Dodoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Nilipokuwa nikija hapa nilipita penye maghala ya nafaka, nikawaza jambo moja. Katika nchi hii kavu ya Ugogo kila mtu ajua maana ya ghala. Mwaka wa njaa, hakuna mzee atakayeambiwa "ghala tupu" akaenda zake kulala. Atauliza: Yaliingia magunia mangapi? Yalitoka lini? Ufunguo alikuwa nao nani? Lakini mzee huyo huyo akimpeleka mjukuu wake zahanati, mtoto anachemka kwa homa, akaambiwa "dawa hakuna, kanunue dukani," huichukua karatasi yake akaondoka kimya, tena akasema ahsante. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Ndugu zangu, hatukuanza jana vita hii ya maradhi. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari Waafrika katika Tanganyika nzima walikuwa 12 tu. Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo na kufyeka majani kandokando ya nyumba zao. Wazee waliomo humu wanakumbuka. Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama za matibabu, na mwaka 2007 ukaja mpango wa kuwa na zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yameongezeka, sikatai. Lakini watu nao wameongezeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956 katika manispaa yetu ya Dodoma. Ile ya mwaka 2022 ikakuta watu 765,179 katika Jiji hili hili. Basi foleni mnayoiona asubuhi si ndoto.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hawajui. Dawa za zahanati ya serikali huagizwa Bohari ya Dawa. Ikiwa Bohari haina dawa ile, watu wengi hudhani habari imekwisha. Haikwisha! Mwaka 2014, katika mkoa wetu huu wa Dodoma, kabla ya mkoa mwingine wowote, ulianzishwa utaratibu uitwao Jazia, yaani mfumo wa mshitiri. Mshitiri ni mfanyabiashara mmoja aliyechaguliwa kwa zabuni kwa ajili ya mkoa, mwenye bei zilizokubaliwa tangu mwanzo. Bohari ikisema haina, zahanati huandika mahitaji yake, yakapita Halmashauri, mshitiri akaleta. Utaratibu huo ulipoonekana unafaa ulikwenda Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ukaenea mikoa yote ya Tanzania Bara. Jambo lililoanza kwetu, wengine wakalichukua. Je, si aibu sisi wenyewe tusilijue?

Na fedha? Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kituo chenyewe, badala ya kukaa makao makuu ya Halmashauri. Mganga mfawidhi hazitumii peke yake. Ipo kamati ya kituo, na ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi waliochaguliwa na wananchi, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Kamati hiyo ndiyo inayopitisha mpango na matumizi. Kwa maneno mengine, ufunguo wa ghala uko mikononi mwetu. Tumeusahau mfukoni.

Nasema tumeusahau, wala simsemi mtu mwingine. Miaka ya nyuma, mbali na hapa Kizota, mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya namna hiyo. Tulikutana mara chache, tukanywa soda, tukatia sahihi. Usiku mmoja mtoto wa dada yangu akashikwa na degedege. Tulipofika tukaambiwa sindano ya malaria hakuna. Nikapanda bodaboda kwenda kumwamsha mwenye famasi. Mtoto akapona, kwa sababu usiku ule nilikuwa na fedha mfukoni. Wiki iliyofuata jirani yangu hakuwa nazo. Tulimzika mwanawe siku ya Ijumaa.

Baada ya msiba nikaomba daftari la mihtasari. Nikakuta imeandikwa, "Kamati imeridhika kuwa dawa zipo za kutosha." Na chini yake, sahihi yangu.

Ndugu Mwenyekiti, sikuhadithia haya ili tuwachukie wauguzi wetu. Nesi mmoja anayepima watoto, kuzalisha, kuchoma sindano na kujaza vitabu vyote siku hiyo hiyo hana kosa kwa sababu kabati ni tupu. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kutukanwa. Tena nimeona wanachama wetu wakifanya hivyo, na jambo hilo nalikataa kabisa. Mtu asiende zahanati kugomba. Aende kwa mjumbe wake wa kamati amwulize: Leja ya dawa inasema nini? Barua ya Bohari ya kusema haina dawa iko wapi? Tulikwisha peleka maombi kwa mshitiri, na tarehe gani? Mjumbe asiyeweza kujibu maswali hayo matatu, mwambieni akaulize arudi.

Wengine watasema bima itatuokoa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipoanza mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mimi naiunga mkono. Lakini mama aliyeuza kuku wake watatu ili apate kadi, kisha akafika akaambiwa kadi ni nzuri ila dawa akanunue, mama huyo harudi tena mwaka wa pili, na akirudi nyumbani atawaambia wenzake kisimani. Hali kadhalika mtoto chini ya miaka mitano na mama mjamzito: sera inasema watibiwe bure, na bure ya kabati tupu ni karatasi tu.

Basi ombi langu ni dogo. Kamati ya zahanati inapochaguliwa, ukumbi huwa na watu kumi na watano. Akichaguliwa diwani, watu hujaa mpaka nje. Tawi hili lifanye kazi ya kutafuta majina ya watu wanaojua kusoma hesabu, wasioogopa kuuliza, na wanawake wawe wengi, kwa kuwa wao ndio wanaokaa kwenye benchi lile na watoto mapajani.

Katibu ana karatasi pale mezani. Kabla hamjaondoka, kila balozi aandike jina la mjumbe wa kamati wa zahanati anayotibiwa. Asiyemjua aandike "simjui," tujue tunaanzia wapi.