Je, Kuhama Huponya Pua?

 

Masika yalipokuwa yamekwisha, mwanafunzi mmoja wa chuo chetu cha ualimu alinijia nyumbani jioni, ameshika barua mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia, na kila alipotaka kusema neno alipiga chafya. Barua ile ilikuwa ya kumwomba mkuu wa chuo ruhusa ya kuacha masomo yake hapa bara, arudi kwao pwani. Akaniambia, "Mwalimu, huu ni mwaka wangu wa pili. Majani yakianza kutoa mashuke, pua yangu haina amani. Usiku kifua hunibana, nikasikia mlio ndani yake kama wa filimbi. Hewa ya huku imenikataa. Nikirudi pwani nitapona."

Nikamwambia, "Mwanangu, iache barua hii mezani pangu kwa siku saba." Sababu yake sikumweleza mara ile, bali leo nitawaeleza ninyi, maana najua wako wengi wenye taabu kama yake.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa ugonjwa huu si mafua tuambukizanayo. Mafua huja, yakapita baada ya siku chache. Huu hurudi kila mwaka kwa majira yake, wala hauambukizi. Miili yetu inao walinzi wa kupigana na maradhi. Kwa watu wengine walinzi hao hukosea, wakamdhania mgeni asiye na hatia kuwa ni mwizi, wakapiga kelele na kumwaga maji. Ndiyo chafya, kamasi na machozi. Jambo hili huitwa mzio. Na mgeni mwenyewe mara nyingi ni unga mwembamba wa maua, uitwao chavua.

Mwaka 1819 tabibu mmoja wa Uingereza, John Bostock, aliwaeleza matabibu wenziwe katika London ugonjwa wake mwenyewe, uliomshika kila kiangazi tangu utoto. Yeye alidhani sababu ni joto na jua. Mwingine, Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, hakuridhika na kudhani. Aliutia unga wa majani puani mwake, akaupaka penye ngozi aliyoikwaruza, akaona taabu ile ile inatokea. Kisha akarusha tiara zenye vipande vya kioo vilivyopakwa kitu cha kunata, akaukuta unga ule juu sana hewani. Mwaka 1873 akayatangaza hayo katika kitabu. Basi fikirini: kitu kinachochukuliwa na upepo juu kuliko miti, je, utakikwepa kwa kuhamia kijiji cha pili?

Hapa watu wengi hukosea katika kumtafuta mkosaji. Mjakaranda ukichanua, husema, "Ni ule mti." Lakini maua yenye rangi nzuri huita wadudu wayachukulie unga wao, na unga huo ni mzito, hauruki mbali. Mkosaji aghalabu ni majani tunayoyakanyaga, yasiyo na ua la kutazamwa, ambayo humtumaini upepo peke yake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Watu wa Marekani walilijaribu zamani. Mwaka 1874 wagonjwa waliunda chama chao katika mji wa Bethlehem, jimbo la New Hampshire, kwa kuwa katika milima ile walipata nafuu. Mwenye mali alipanda gari la moshi, akakaa huko mpaka majira yakapita. Maskini alibaki na chafya zake shambani.

Wengine walihamia jangwani, katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, kwa ajili ya hewa yake kavu. Walipumua vyema. Lakini waliona nyumba bila kivuli na bustani si nyumba, basi wakapanda miforsadi, na mizeituni, na majani ya kutambaa ambayo sisi twayaita ukoka. Miaka ikapita, miti ikakua, na unga ukajaa hewani. Hata katika miaka ya 1980 serikali ya wilaya ile ikakataza kuuza miforsadi na mizeituni iliyokuwa ikitoa unga huo. Watu walikuwa wamemkimbia adui, kisha wakampandia miche mlangoni.

Nami pia nilikimbia. Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mitano nilikuwa mwalimu huku bara, na pua yangu ilinitesa kama ya mwanafunzi yule. Likizo moja nilikwenda Tanga, nikakaa majuma matatu karibu na bahari, nisipige chafya hata moja. Nikaona nimepata dawa. Nikaomba uhamisho, nikaupata. Mwaka wa kwanza nilifurahi. Mwaka wa pili nikaanza kupiga chafya kila alfajiri, wala si kwa majira, ila mwezi baada ya mwezi. Tabibu aliniuliza, "Walalia nini?" Nikamjibu, godoro la usufi, la zamani, katika chumba chenye unyevu. Ndipo aliponifundisha ya kuwa katika magodoro na mito hukaa wadudu wadogo mno, jamaa ya utitiri, wasioonekana kwa macho. Hula vigaga vya ngozi yetu, hupenda joto na unyevu, na kinyesi chao ndicho kinachotuwasha pua. Nilikuwa nimeyakimbia majani, nikaenda kulala juu ya adui mwingine. Na katika miaka ile mama yangu aliugua huku bara. Barua iliponifikia alikuwa amekwisha kuzikwa. Wahenga walisema kweli: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sisemi kwamba kuhama hakufai kabisa. Upepo utokao baharini huwa na unga kidogo, na katika milima mirefu yenye hewa kavu, kama Davos katika Uswisi, wadudu wale wa godoroni hawastawi. Wenye pumu wengi wamepumzika huko. Lakini nafuu ya namna hiyo ni ya muda. Ukirudi, nayo taabu hurudi. Na ukikaa, yamkini mwili wako utajifunza kugombana na vitu vya mahali papya. Mtu asiuze shamba lake wala asiache masomo yake kwa tumaini la pua peke yake.

Na hewa safi, je? Hiyo hufaa, wala haihitaji nauli. Moshi wa kuni jikoni, wa takataka zinazochomwa uani, na wa tumbaku, si mzazi wa mzio wa majani. Lakini ni kama pilipili katika kidonda. Jiko na liwe na mahali pa kutolea moshi, au litengwe na chumba cha kulala. Wale wanaofukiza moshi usiku ili kuwafukuza mbu, heri watumie chandarua.

Tena fanyeni haya. Kwanza, chukua daftari, uandike kila siku: upepo ulikuwaje, ulikuwa wapi, ulifanya kazi gani, ulipiga chafya kiasi gani. Baada ya majuma machache daftari litakuonyesha mkosaji. Pili, majani ya karibu na nyumba yafyekwe kabla hayajatoa mashuke, na mwenye mzio asiyafyeke yeye. Tatu, ukirudi kutoka shambani, oga na kubadili nguo. Puani waweza kupitisha maji yenye chumvi kidogo, yaliyochemshwa kwanza yakapoa. Nne, fua mashuka kwa maji ya moto kila juma, na kuanika godoro juani. Tano, ziko dawa nzuri za vidonge na za kupuliza puani. Mwulize mganga wa hospitali. Baadhi ya vidonge huleta usingizi, na dawa ya puani hufaa zaidi ikianzwa kabla ya majira.

Lakini kifua kikibana na kutoa mlio, hilo si jambo la pua tena. Hiyo yaweza kuwa pumu, na pumu huua. Tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ya radi iliupiga mji wa Melbourne katika Australia wakati hewa imejaa unga wa majani. Unyevu uliupasua unga ule ukawa vipande vidogo, vikashuka mpaka mapafuni. Maelfu walikimbilia hospitali, na watu kumi walikufa. Wengi wa walioshikwa walikuwa watu wa chafya tu, wasiojua kwamba wana pumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa sababu hiyo, katika siku zile saba, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumpeleka mwanafunzi wangu hospitali. Tabibu alisikiliza kifua chake, akasema ni pumu, akampa dawa ya kuvuta kwa kinywa na kumfundisha jinsi ya kuitumia kila siku. Kisha tukaanza daftari. Likatuonyesha kwamba siku zake mbaya zote zilikuwa siku za zamu yake ya kufyeka kiwanja. Nikamwomba mwenziwe wabadilishane. Yeye sasa hupanga vitabu katika maktaba.

Siku ya saba alikuja kuichukua barua yake. Sikumwambia aichane. Nilimwambia tu, "Ukimaliza masomo, nenda utakako, lakini ukienda pwani, nenda kwa kuwa ndiko kwenu, usiende kwa kuwa umefukuzwa na majani." Akaikunja, akaitia ndani ya daftari. Bado hajaipeleka. Chafya bado anapiga, lakini usiku analala.

Kwa herini, wasikilizaji wangu.