Safari ya Mbwa Ianze na Kadi ya Chanjo

Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wananchi, mwanzoni mwa Novemba

 

Likizo ya Desemba inakaribia. Watoto watafunga shule, na jamaa zetu walio Nairobi, Mombasa na kwingineko watafunganya virago kuja nyumbani. Wengi hawaji peke yao. Kuna anayekuja na mbwa kwa sababu hana wa kumwachia, kuna anayemletea babu mtoto wa mbwa wa kulinda boma, na kuna mtoto asiyekubali kumwacha paka wake. Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kuwafikishia habari. Niliyo nayo leo ni hii: maandalizi ya safari hizo yanaanza sasa, si asubuhi ya kuondoka.

Sababu ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unaletwa na virusi vilivyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia mwilini kwa kuumwa au kukwaruzwa, husafiri polepole kwenye neva hadi kwenye ubongo. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mara mtu hufa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huu huambukizwa na mbwa, na kwamba takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa anaweza kuonekana mzima siku ya safari ilhali virusi vimo mwilini, kwa maana dalili huchukua wiki kadhaa au miezi kujitokeza. Ndivyo ugonjwa unavyopanda gari mjini na kushukia kijijini.

Chanjo huuzuia, lakini mwili wa mbwa huhitaji takriban mwezi mmoja kujenga kinga baada ya chanjo ya kwanza. Ukimchanja leo, Desemba itamkuta amejikinga. Ukimchanja siku ya kuondoka, umechelewa. Kwa kawaida chanjo ya kwanza hutolewa mbwa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Kwa mtoto wa mbwa aliye mdogo kuliko hapo, mwulize daktari wa mifugo kabla ya kumsafirisha. Paka pia wachanjwe. Hakikisha unapewa kadi yenye tarehe, na uibebe safarini. Tena, mahali palipotangazwa karantini na idara ya mifugo, usiingize wala usitoe mnyama bila kibali.

Sasa tuje barabarani. Mbwa hatoi jasho kama sisi; hujipoza kwa kuhema huku mdomo ukiwa wazi. Kwa hiyo anayemfunga mdomo kwa kamba au kumtia ndani ya gunia anamnyima njia ya kupoa. Buti ya gari dogo iliyofungwa nayo haina hewa ya kutosha. Vilevile, usimwache ndani ya gari juani ukiingia hotelini kula. Katika gari lililofungwa, joto linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10 tu, na kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inafanya kuwa kosa kumbeba mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu.

Mpe chakula kidogo saa tatu au nne kabla ya kuondoka ili asitapike. Beba maji na bakuli. Simama kila baada ya saa mbili hivi anyooshe miguu, lakini mfunge kamba kabla hujafungua mlango, kwa sababu mbwa aliyeshtuliwa na malori hukimbilia barabarani. Mvishe ukosi ulioandikwa nambari yako ya simu. Paka msafirishe katika kikapu chenye kifuniko, au katoni imara iliyotobolewa matundu. Kama unapanda matatu, zungumza na kondakta mapema, na uwaheshimu abiria wanaoogopa wanyama. Kwenye bodaboda, mbwa asipakatwe. Akiruka, mtaanguka nyote.

Mkifika, mfungie uani siku chache za kwanza. Ni mgeni; hajui boma wala mbwa wa jirani. Waambieni watoto wasimguse akila au akilala.

Na kama mnyama atabaki nyumbani, mkabidhi jirani kwa jina, umwachie chakula na nambari ya simu. Mbwa aliyeachwa bila mtu huzurura akitafuta chakula, na huko ndiko huumwa na wengine.

Mtu akiumwa, hata kidonda kikiwa kidogo, kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Msipake pilipili, mafuta wala majani. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na amalize dozi zote za chanjo katika tarehe atakazopewa. Kisha mjulisheni chifu au afisa wa mifugo ili mnyama achunguzwe. Msimkimbilie kumuua mbwa mkadhani mambo yamekwisha, kwani aliyeumwa bado anahitaji chanjo.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mifugo, kwa hiyo afisa wa mifugo wa wadi yenu ni wenu, mwendeeni. Mkirudi nyumbani leo, tafuteni kadi ya mbwa wenu na msome tarehe. Kama mwaka umepita, au kama hakuna kadi, mpelekeni wiki hii. Halafu mpigieni simu yule mtoto wenu aliye mjini, mumwulize kuhusu wake kabla hajakata tiketi.