Nani Anafaa Kuingia Mashindano ya Kompyuta? Tujue Kanuni Kabla ya Kujitoa



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu (s.a.w.), ndugu zangu vijana, nimepewa dakika chache kabla ya futari nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tumelisikia nusunusu: mashindano ya kompyuta ya wanafunzi wa shule. Sitawasifia mashindano. Nitawaeleza kanuni zake. Kwa nini kanuni? Kwa sababu wengi wetu hujitoa wenyewe kabla ya kutolewa na mtu. Mmoja asema, "Mimi nishamaliza shule." Mwingine asema, "Kiingereza changu kizito." Dada naye asema, "Hayo ni ya wavulana." Hebu tuangalie kanuni zenyewe zasemaje.

Mashindano ni mengi, lakini makubwa zaidi kwa shule za sekondari ni Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, yajulikanayo kwa herufi IOI. Yalianza mwaka 1989 huko Pravetz, Bulgaria, kwa nchi 13 tu. Siku hizi hufanyika kila mwaka katika nchi tofauti. Hapa Afrika, Misri imeyaandaa mara mbili: Cairo mwaka 2008 na Alexandria mwaka 2024.

Sasa, ni nani anayefaa kushindana?

Sharti la kwanza ni shule. Mshindani awe alisajiliwa katika shule ya sekondari, kwa sehemu kubwa ya muda wa tarehe 1 Septemba hadi 31 Desemba ya mwaka uliotangulia mashindano. Hapo ndugu zangu tusikilizane vizuri. Chukua mtahiniwa wa KCSE. Septemba yuko shuleni, Oktoba yuko shuleni, Novemba yuko kwenye mtihani. Basi huyo ametimiza sharti kwa mashindano ya mwaka unaofuata, hata kama wakati huo yuko nyumbani akingojea kuitwa chuo. Yeye anajiona ameshatoka, kumbe kanuni bado yamhesabu. Lakini aliyemaliza miaka miwili nyuma, nafasi hiyo imeshampita. Kwa hivyo wewe uliye kidato cha nne usiseme utaanza kujiandaa baada ya mtihani. Huenda ukawa umebakiwa na mwaka mmoja tu.

Sharti la pili ni umri. Ifikapo tarehe 1 Julai ya mwaka wa mashindano, mshindani asiwe amezidi miaka 20. Sharti hili ni pana kwetu, manake tuna wenzetu walioanza shule wakiwa wamechelewa, na bado wanaingia. Lakini wenye kuzidi wamezidi, tusidanganyane. Katika michezo tumezoea vichekesho vya mchezaji ambaye kila mwaka ana miaka kumi na saba. Medali iliyopatikana kwa tarehe ya kuzaliwa ya uongo ni haki ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni kijana kama wewe aliyesema kweli.

Sharti la tatu ni idadi. Kila nchi hupeleka washindani wasiozidi wanne, pamoja na kiongozi wa timu na naibu wake. Namna ya kuwapata hao wanne ni juu ya nchi yenyewe. Basi ushindani wa kwanza ni hapa nyumbani, baina ya shule na shule. Na mkiyaangalia masharti haya, hayataji mvulana wala msichana. Hayataji gredi ya Kemia wala jina la shule.

Sasa tuje ndani ya ukumbi. Mmeona musabaqa wa Qur'an unavyokwenda: kuna kiwango cha juzuu, kuna umri, na aliyekaa mbele ya majaji hana wa kumnong'oneza. Huku pia ni hivyo. Ingawa nchi hupeleka wanne, kila mmoja hushindana peke yake. Siku za mashindano ni mbili, kila siku saa tano, na kwa kawaida maswali matatu kwa siku. Huruhusiwi kuingia na simu, flashi wala daftari lako, na hakuna intaneti. Ukiwa na swali, waliandikia jopo la majaji, nao hujibu kwa ufupi: ndiyo, la, au limeshajibiwa katika maelezo. Wanaweza hata kusema hawana la kusema.

Na lugha je? Hapa ndipo penye kheri ambayo wengi hawaijui. Viongozi wa timu hupewa maswali kabla ya washindani, na wana ruhusa ya kuyatafsiri kwa lugha ya wanafunzi wao. Kwa kanuni hiyo, hakuna kinachomzuia kiongozi kuyaandika kwa Kiswahili. Ila programu yenyewe huandikwa kwa lugha ya kompyuta. Zamani Pascal na Java zilikubaliwa pia, lakini mwaka 2024 ilitumika C++.

Alama nazo hutolewaje? Kila swali lina alama 100, zilizogawanywa mafungu. Ukitatua sehemu nyepesi, unapata fungu lako. Huendi mikono mitupu kwa kukosa mwisho. Kinachopimwa si wepesi wa vidole, ni njia. Nitoe mfano. Una orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, na unatafuta jina moja. Ukipekua moja moja, huenda ukafika jina la milioni. Lakini ukifungua katikati, ukatupa nusu isiyo na jina lako, kisha ukafanya vivyo hivyo kwa nusu iliyobaki, hutazidi hatua 20. Njia kama hiyo huitwa algoridhimu, neno lililotokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Basi asije mtu akatuambia elimu hii ni ngeni kwetu.

Mwishowe, wanaopata medali hawazidi nusu ya washindani, kwa uwiano wa dhahabu moja, fedha mbili, shaba tatu. Wakiwa washindani 360, dhahabu ni 30, fedha 60, shaba 90.

Na aliyepitwa na umri wa sekondari asikate tamaa. Sisi wa vyuo vikuu tuna mashindano yetu, ICPC. Huko ni timu ya wanafunzi watatu wa chuo kimoja, kompyuta moja, saa tano. Swali ama umelitatua lote ama hukupata kitu, na kila jibu baya kwa swali ulilokuja kulitatua huongezewa dakika 20 za adhabu. Nako kuna masharti ya mwaka wa kuzaliwa au wa kuanza chuo, kwa hivyo mlango huo pia una siku ya kufungwa.

Ndugu zangu, naomba kila mmoja akirudi nyumbani afanye mambo matatu. Kwanza, aandike tarehe yake ya kuzaliwa na mwaka anaomaliza sekondari, ajue amebakiwa na miaka mingapi. Pili, amuulize mwalimu wa kompyuta shule inajisajili vipi, na wapi. Asingoje mwalimu amwite. Tatu, aanze mazoezi. Maswali ya miaka iliyopita yapo bure kwenye intaneti, na programu za kuandikia C++ pia ni za bure. Asiye na kompyuta aanze na karatasi na kalamu, kwani njia hufikiriwa kabla ya kuandikwa.

Nisiwacheleweshe, adhana iko karibu. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na atuzidishie elimu yenye manufaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.