Waziri Mkuu: jina ni lile lile, nguvu si zile zile

1/ Jana jioni niliombwa niongee kidogo maskani kwetu Shanzu, baada ya ubishi wa "waziri mkuu arudi, asirudi". Haya ndiyo niliyosema, kwa waliokosa. Sheria ya uzi wangu mwaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama.

2/ Ukisikia cheo, usiulize kwanza ni kikubwa kiasi gani. Uliza matatu: nani amweka, nani aweza kumtoa, na cheo chenyewe kimeandikwa wapi.

3/ 1 Juni 1963, Madaraka. Kenya yapata waziri mkuu wa kwanza. Nguvu zake zatoka bungeni: upande wake una wabunge wengi, basi ndiye aongoza serikali. Lakini mpaka uhuru, 12 Desemba, gavana Mwingereza bado ameshika ulinzi na mambo ya nje.

4/ 12 Desemba 1964 tukawa jamhuri. Cheo kikafutwa, nguvu zake hazikufutwa. Zilihamia kwa rais, na aliyekuwa waziri mkuu ndiye akawa rais. Mkuu wa nchi na mkuu wa serikali, mtu mmoja. Tukakaa zaidi ya miaka 40 hivyo.

5/ Halafu uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,000 wakauawa. Mkataba wa amani ukatiwa saini 28 Februari 2008, na cheo kikarudi: kuratibu na kusimamia shughuli za serikali. Rais hakuweza kumfuta peke yake, ilitaka kura ya Bunge ya kutokuwa na imani naye. Lakini serikali bado ilikuwa ya rais. Ndiyo mana hata itifaki ilileta vita: mkubwa nani, yeye au makamu wa rais? Watu wakaiita serikali ya nusu mkate.

6/ Katiba ya 2010 haina waziri mkuu. Rasimu ya wataalamu ya Novemba 2009 ilikuwa naye. Wabunge wakaketi Naivasha Januari 2010, wakamtoa. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, cheo kikaisha.

7/ Sasa hapa wengi huchanganya. Tangu 2022 tuna Mkuu wa Mawaziri. Huyo si waziri mkuu. Katiba haimtaji, ofisi yake ilipangwa kwa agizo la rais. Julai 2024 mawaziri walipofutwa, yeye alibaki. Kijana mmoja maskani akasema, "Si waona ana nguvu?" Hapana ndugu yangu. Alibaki kwa sababu aliyemteua alitaka abaki.

8/ Tazama jirani. Tanzania, rais huteua waziri mkuu kutoka wabunge wa majimbo, lakini lazima Bunge limthibitishe, na Bunge hilo hilo laweza kumtoa. Februari 2008 waziri mkuu wa huko alijiuzulu, kamati teule ya Bunge ilipotoa ripoti ya mkataba wa umeme. Yaani ana mabosi wawili, na wa pili ana meno.

9/ Mzee mmoja akaniuliza: "Sasa mwanangu, cheo hicho kikija Pwani si tutafaidi?" Nikamwambia, mzee wangu, kikija kwa agizo, kitaondoka kwa agizo. Asubuhi moja twaamka, hakipo, na kura zetu tushazitoa.

10/ Mimi sisemi cheo kirudi au kisirudi. Kuna hoja nzuri pande zote. Nasema akija mtu hapa Shanzu kutuahidi cheo, kabla ya kupiga makofi tumuulize yale matatu. Akijibu mawili tu, tumwambie aende akamalizie la tatu, kisha arudi.

Karibuni tubishane, kwa adabu.