Nchi Jirani: Damu Ipitayo Angani
Mzazi akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, uhai wake huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Nchini Rwanda, milima na barabara mbovu ziliichelewesha damu njiani. Oktoba 2016, nchi hiyo ilianza kuipeleka hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani kutoka Muhanga. Damu hudondoshwa kwa mwavuli.

Lakini ndege haitengenezi damu. Damu hutoka kwa mtu mzima, mwenye afya, kwa hiari yake. Askari wa jeshi na polisi wanajua maana ya akiba: risasi hazitafutwi adui akiwa amekwisha ingia. Naam, mkono ulindao mpaka waweza pia kumlinda mama na kichanga chake.